Udongo wa Pale Alipoanguka Banza

Ninyi vijana mliopewa kazi yangu kule kwenye uwanja wa vita, kando ya reli, mmenifuata mpaka nyumbani kwangu Kampemba mkaniomba niwaandikie namna ya kuitunza minara ile na namna ya kuwatembeza wageni. Nimekubali. Mlikuja na sukari, tena mlinisalimu vizuri. Ila mniwie radhi, sitaandika kwa mpangilio. Kichwa cha mzee ni kama mfuko wa fundi: unatafuta msumari, unatoka na kipande cha sabuni.

Tuanze na mnara mkubwa, maana ndio ambao kila mgeni huukimbilia. Una pande nne, na watu hudhani ni urembo. Si urembo hata kidogo. Baada ya vita vile vya Katanga kujitenga, wakubwa wa kwanza walitaka maneno yao yachongwe upande unaotazama barabara. Wakaja wakubwa wengine, maneno yale yakawachoma, wakaagiza yafutwe. Fundi wangu, Baba Mwepu, akawaambia jiwe lile likichongwa juu ya michongo litapasuka. Afadhali maneno mapya yaandikwe upande wa pili, kisha jiwe zima ligeuzwe. Tukaligeuza kwa magogo na kamba, tukihema kama ng'ombe. Wakaja wengine tena, tukaligeuza tena. Kila tulipomaliza, Baba Mwepu alituambia, "Kamba musiiweke mbali." Upande wa nne bado mtupu. Na ninyi kamba msiiweke mbali.

Baba Mwepu alikuwa Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mtu wa reli, mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo usiopumzika. Mimi Ramazani ni wa familia za Maniema, baba yangu alikuwa fundi viatu, na aliponipeleka kwake alimwambia, "Huyu mtoto hawezi kushona, labda ataweza kupiga." Alimaanisha kupiga patasi. Nikaingia kwenye mawe hivyo, kwa kushindwa ngozi.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kusoma jina lililochakaa. Wageni wengi hulimwagia maji jiwe, wakainama, wakakodoa macho, halafu wakasema halisomeki. Ninyi chukueni unga wa mahindi, ule ule wa bukari, ugali wetu, kiasi cha kiganja. Upakeni juu ya herufi kwa kitambaa kikavu, kisha upanguseni polepole. Unga utabaki ndani ya mikwaruzo, na jina litainuka lenyewe. Fanyeni asubuhi, jua likiwa bado chini. Mkimaliza pigeni brashi vizuri, la sivyo siafu watawaandikia jina jingine.

La pili ni shaba. Hili alilijua kwa gharama yake mwenyewe, na alilisimulia huku akicheka mpaka machozi. Kabla sijafika alikuwa amekaa siku nzima akilisugua bamba la shaba la mnara mdogo kwa ndimu na majivu, kwa sababu kuna mkubwa alikuwa anakuja. Likawaka kama sahani ya harusi. Kesho yake asubuhi mkubwa alifika akakuta matundu ya misumari tu. Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba kuliko tunavyowajua shangazi zetu, na ikimetameta kando ya barabara haimalizi usiku. Baba Mwepu akasema, "Shaba ya kijani iko masikini, hakuna muntu anaiangalia." Basi iacheni kijani chake. Panguseni vumbi, mwishie hapo. Ndimu ni ya samaki.

Nauwaza uwanja ule kila asubuhi. Magoti yamekataa, siendi tena, lakini nikiamka husikiliza kama nitasikia nyasi zile ndefu zikisuguana, na Baba Mwepu akikohoa kabla hajaanza kutania. Amekwenda zamani. Mawe yake yamebaki, na mtu anaweza kuyatamani mawe, msinicheke.

Sasa vichuguu. Mnavyoviona vile vichuguu vikubwa, virefu kuliko nyumba, msipite navyo mkidhani ni pori tu. Askari wa pande zote mbili walijificha nyuma yake, maana uwanda wetu hauna mawe ya kumficha mtu. Mgeni akitaka kuujua uwanja wa vita, mpelekeni kwenye kichuguu kabla ya mnara. Mwambieni asimame nyuma yake, atazame reli, akae kimya kidogo. Ataelewa zaidi ya hotuba yoyote. Chunguzeni kwanza kwa fimbo kama kuna nyoka, mgeni aliyeumwa hasomi mnara.

Na swali la kumwuliza kila mgeni ni hili: umekuja kwa ajili ya nani? Wengine watasema, tunatembea tu, tunapiga picha. Sawa. Lakini siku moja atakuja mtu atakayelijibu kwa jina.

Kwangu alikuja mwanamke aliyevaa nyeusi juu mpaka chini, na kitambaa cheusi kichwani, ingawa vita vilikuwa vimekwisha miaka mingi. Alizunguka mnara mkubwa, akazunguka mnara mdogo, akafuata misalaba ya saruji mmoja mmoja. Nilikuwa kijana, patasi mkononi. Alinisogelea, akaniita yaya, yaani kaka, kwa heshima.

"Yaya, jina ya bwana yangu iko wapi hapa?"

"Alikuwaka askari wa upande gani, mama?"

"Hakukuwaka askari. Alikuwaka muntu wa reli. Balimutuma kuangalia fasi reli ilikatika. Hakurudia."

Mumewe aliitwa Banza, yeye Ngoie. Hapakuwa na jiwe la watu wa reli. Kila upande ulikuwa umewaandika wake, na Banza hakuwa wa upande wowote. Alikuwa na nyundo tu. Nikamwambia ukweli huo. Hakulia. Akaniambia kilichomleta, na ndicho kilichonifunga kwake.

Mnajua desturi. Mjane anavaa nyeusi mpaka ukoo wa mumewe umtoe matanga. Mkubwa wa ukoo ule alikuwa kaka yake Banza, Mzee Numbi, na kwa kuwa mwili haukupatikana, alikuwa ameweka sharti. Ngoie alilirudia kama alivyoambiwa: "Leta bulongo ya fasi alianguka, tuizike, njo nitakutosha nyeusi. Bila ile bulongo, weye uko bado bibi ya ndugu yangu." Yaani udongo wa mahali alipoanguka mumewe, ndipo avuliwe nyeusi. Kwa hiyo hakuwa mke wa mtu na hakuwa huru. Hakuweza kuolewa, wala kurudi kwa mama yake upande wa Kabongo. Alikuwa anauza samaki wakavu sokoni, na kila alipopata nafasi alikuja uwanjani kutafuta udongo.

Nilimpenda. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu umri wangu hauna haya tena. Sikumpenda siku ile ya kwanza, msidhani mimi ni wa kwenye sinema. Ilikuja kidogo kidogo, kwa kutembea naye. Tulitoka kichuguu hadi kichuguu, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na jembe dogo. Alikuwa anaongea na nyasi. Akikuta uyoga aliuchuma, akanigawia nusu. Baba Mwepu aliona kabla sijaona.

"Ramazani," alisema, "siku ile mama anakujaka, unafagiaka fasi moja mara tatu. Ile majiwe iko na buchafu gani?"

"Vumbi, baba."

"Vumbi iko mu macho yako."

Baadaye akaacha utani, akaniambia jambo ambalo wengi wangelifanya. "Mupe bulongo yoyote. Bulongo ni bulongo. Muzee atazika, mama atatoka mu nyeusi, na weye utaacha kufagia." Nikaliwaza usiku na mchana. Mwishowe nikachota udongo chini ya mnara mkubwa, nikaujaza kwenye kopo la maziwa, nikamngoja. Alipofika nikamkabidhi. Akaushika kwa mikono miwili, akanitazama.

"Iko ya pale kweli?"

Neno moja tu lilihitajika. Vijana, nilikuwa nalo kwenye ulimi. Lakini alivyolishika kopo lile, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga, nilishindwa.

"Sijui, mama. Iko ya hapa tu."

Akainama, akaumimina udongo pale pale chini ya mnara, taratibu, akausawazisha kwa kiganja. "Aksanti ju haukunidanganya," akasema. "Bengine balishajaribu." Akanirudishia kopo. Toka siku hiyo nilijua kuwa njia ya kumfikia Ngoie inapita kwa Banza, na hakuna ya mkato.

Basi nikaanza kumwuliza kila mgeni kama ana mzee wa reli nyumbani. Huo pia ni ufundi, uandikeni: mnara haujui kitu, wageni ndio wanaojua. Dereva mmoja akasema mjomba wake alikuwa reli, sasa amezeekea Kambove kwa mwanawe anayechimba madini. Tukaenda, Ngoie na mimi. Tulimkuta mzee amekaa mbele ya nyumba, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Ngoie alipotaja jina la Banza, mzee aliitoa miguu majini, akaiweka chini, akakaa wima.

"Tulikuwa batatu," alisema. "Risasi ikaanza, tukakimbia. Kulikuwaka kichuguu kikubwa pembeni ya reli, na muti wa mupundu juu yake. Tukajificha pale. Banza akakumbuka nyundo. Akarudia kuikamata. Tulimuambia, acha! Akasema, nyundo ya kazi haiachwake. Alirudi nayo mpaka pale pale ya kichuguu, njo risasi ikamukuta. Kesho yake tulienda kumukamata, tukakuta camion, ile lori kubwa, ilishabeba bantu bote. Fasi balibazika, hatuijue."

Ngoie aliuliza kitu kimoja tu. "Alikuwa na nyundo mu mukono?"

"Mu mukono, mama."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa."

Tulirudi tukitafuta kichuguu chenye mupundu. Hakikuwapo. Tulifuata reli kwenda na kurudi, siku baada ya siku. Kichuguu hakikimbii, nilijiambia, kwa hiyo kimekatwa. Mnajua watu wetu: udongo wa kichuguu ndio hutoa matofali mazuri kuliko wote, na mti wa juu huenda kwenye makaa. Ngoie ndiye aliyeona. Katikati ya bonde dogo la majivu na vipande vya matofali, palikuwa na machipukizi ya mupundu yakitoka ardhini, majani yake mapya yana manyoya meupe kwa chini. Mti ulikatwa, mizizi ilikataa. Pembeni palikuwa na alama ya tanuru. Lakini kichuguu chenyewe hakikubaki hata kiganja. Waliokichimba walikwenda chini mpaka mchanga wa chini, ule ambao hauna habari na mtu.

Ngoie alikaa palepale. Hiyo ndiyo siku nilipomwona akilia. Udongo alioutafuta miaka yote ulikuwa umekanyagwa, umefinyangwa, umechomwa, umeuzwa.

Mpiga matofali hakuwa mgumu kumpata, alikuwa bado anafanya kazi jirani. Nilipomweleza ni kichuguu kipi, akapiga makofi.

"Ile? Ilitusumbuaka ile! Unapiga jembe, inalia. Risasi! Matofari ingine ilitokaka na risasi ndani. Yote nilipeleka Kampemba, kwa muzee moja mukali, pembeni ya soko, eko na njiwa mingi. Tofari moja alinirudishia ju ilikuwa na chuma. Alinitupia nayo!"

Nilitaka kuuliza jina. Ngoie alinishika mkono, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Usimuulize," alisema. "Ile ni shemeji."

Ndiyo. Mzee Numbi mwenyewe. Tulimkuta barazani na bakuli la mtama, njiwa wamemzunguka. Ngoie alipiga magoti kumsalimu, mimi nikaeleza, maana yeye hakuweza. Nilieleza mambo ya Kambove, ya nyundo, ya mupundu, ya mpiga matofali. Nilitegemea atanifukuza. Aliweka bakuli chini, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba ambako ukuta haukupigwa lipu. Tukamfuata. Akawa anapapasa tofali moja moja, kwa vidole, polepole, kama anatafuta mapigo ya moyo ya mgonjwa. Kwenye safu ya karibu na dirisha la chumba chake akakuta tundu lenye kutu, na ndani yake ncha ya risasi.

Akaegemeza paji la uso pale.

"Miye nalala hapa," alisema. "Kitanda yangu iko nyuma ya hii ukuta. Miaka yote hii nalala pembeni ya ndugu yangu, na namutuma bibi yake amutafute mu pori."

Kisha akakaa chini, mavumbini, miguu imenyooshwa, kama watu wanavyokaa matangani. Njiwa walikuja wakatembea kando ya miguu yake. Ngoie akakaa naye. Mzee yule mkali alilia kwa sauti, majirani wakachungulia juu ya ua. Alipotulia akamgeukia Ngoie.

"Unisamehe, mama. Nilijua haitapatikana. Njo maana niliomba ile. Nilisema mu roho: siku huyu mama atatosha nyeusi, Banza atakuwa amekufa kabisa."

Ngoie akajibu, "Hata miye, shemeji. Kuna siku nilikuwa natafuta, na sitaki kupata."

Mzee Numbi hakumruhusu mtu mwingine aguse ukuta. Alikwangua mwenyewe, kwa kisu chake, tofali la risasi na yale ya jirani, vumbi jekundu likaanguka kwenye sahani. Ukoo ukaitwa. Tukauzika udongo ule makaburini, kaburi la kweli, watu wakaimba, wanawake wakapika. Baba Mwepu na mimi tukapeleka jiwe. Tulilichonga jina la Banza na chini yake nyundo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na haiko kwenye uwanja wenu. Baadaye Mzee Numbi akamwita Ngoie mbele ya wote, akamvua kitambaa cheusi, akamfunga cha rangi. Nywele zake zilikuwa na mvi mbili tatu mbele. Sikuwa nimewahi kuziona nywele zake.

Mtaniuliza: kisha? Marehemu mke wangu, mama wa watoto wangu, aliijua hadithi hii yote na alikuwa akiniuliza hivyo hivyo ili anicheke. Alikuwa mwanamke mwema na nilimpenda pia, kwa namna nyingine, iliyokuja baadaye. Moyo wa mtu una vyumba, na si vyote vina madirisha upande mmoja.

Kisha, Ngoie akasema anakwenda kwao Kabongo kumwona mama yake, aliyekuwa amezeeka akimngoja. Angepanda treni ya Kamina. Akaniomba nimsindikize na mizigo. Baba Mwepu alininyoa ndevu yeye mwenyewe siku ile, akanipa shati lake la Pasaka, akaniambia, "Leo njo leo. Usiniletee ripoti ya reli." Njiani kwenda stesheni niliyapanga maneno. Nilijua mama yangu atauliza dini yake, nikawa na jibu. Nilijua mama yake atauliza kazi yangu, nikawa na jibu. Miaka ile yote nilimheshimu Banza, sikusema hata nusu ya neno chini ya kivuli chake, na sasa Banza alikuwa na kaburi, na Ngoie alikuwa huru, na asubuhi ilikuwa nzuri.

Nikampandishia mizigo: kapu, gunia la unga, godoro lililokunjwa. Akakaa dirishani, mkono mmoja nje. Kitambaa chake kilikuwa cha njano. Watu walisukumana, wauza mikate walipiga kelele, na mimi nilisimama chini na shati la Baba Mwepu linanibana shingoni.

"Ramazani," akasema. Siku hiyo hakuniita yaya. "Uko na neno?"

Nilikuwa nalo, lote, limepangwa kama matofali. Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa mwanamke anayetafuta kitu, na mimi sikujua jinsi ya kuongea naye bila kichuguu mbele yetu.

"Chunga mizigo," nikamwambia. "Mu treni banaibaka sana."

Akangoja. "Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Akanitazama bado kidogo. "Bon, sawa," akasema, akauingiza mkono wake ndani. Treni ikaanza kusogea, na mimi nikatembea kando ya behewa lake, halafu nikakimbia, mpaka jukwaa likaisha.